Dawa imo udongoni, na usugu umo humo humo

Mkulima yeyote wa Kisii au Nyamira aijua vyema harufu inayopanda kutoka ardhini pale mvua ya kwanza inapouangukia udongo uliokauka. Wazee huivuta kwa pua zao wakasema kwamba msimu umewadia, kisha majembe yakatafutwa. Lakini ni wangapi miongoni mwetu, hata sisi tuliokaa madarasani miaka na miaka, tunaojua kwamba harufu ile si ya mvua wala si ya udongo wenyewe? Ni harufu ya viumbe hai. Hutengenezwa zaidi na bakteria wa jamii iitwayo streptomaisesi, na kiini cha harufu hiyo wanasayansi walikipa mwaka wa 1965 jina la geosmini, jina lililoundwa kwa maneno mawili ya Kiyunani yenye maana ya ardhi na harufu.

Naianza makala hii kwa harufu hiyo kwa sababu bakteria hao hao ndio waliotupatia sehemu kubwa ya dawa za antibiotiki ambazo leo zimejaa katika maduka ya dawa kuanzia Keroka hadi Ogembo, na kuanzia Nyansiongo hadi Tabaka. Nao hao hao, pamoja na majirani zao wa udongoni, ndio waliokuwa wa kwanza kuijua siri ya kuzishinda dawa hizo. Mtu asiyelielewa jambo hili hawezi kuuelewa usugu wa dawa ambao madaktari wetu wanaulalamikia usiku na mchana.

Huenda msomaji akauliza: mwalimu wa isimu na bakteria wapi na wapi? Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba sehemu moja ya tatizo hili imo katika maneno yetu, na maneno ndiyo kazi yangu.

Siku moja nilikuwa nimesimama katika foleni ndani ya duka moja la dawa, katika mji mmoja wa huku kwetu. Mbele yangu alikuwapo mama mmoja wa makamo aliyekuja kununua dawa ya kikohozi cha mwanawe. Alitaja kidonge cha rangi mbili, akataka vinne tu, kwa kuwa fedha alizokuwa nazo hazikutosha zaidi. Muuzaji alimpa bila ya swali. Kabla ya kuondoka, mama yule alimgeukia jirani yake akasema kwa sauti ya uchovu: "Hata hivi sijui kama vitamsaidia, mwili wa mtoto huyu umeshazoea dawa."

Mwili umeshazoea dawa! Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi, kutoka kwa wakulima, kutoka kwa wanafunzi wangu, na hata kutoka kwa walimu wenzangu. Ndiyo imani iliyoenea. Nayo ni imani isiyo ya kweli. Si mwili wa mtoto uliozoea dawa. Ni viini vilivyo ndani ya mwili huo ndivyo vinavyoweza kuwa sugu, na viini hivyo vikisha kuwa sugu vyaweza kumhamia mtoto mwingine ambaye hajawahi kumeza kidonge hata kimoja maishani mwake. Tofauti baina ya kauli hizi mbili si ndogo. Anayeamini kwamba mwili ndio uliozoea huona kwamba shida ni yake peke yake, na dawa yake ni kubadilisha kidonge. Anayejua kwamba viini ndivyo vilivyogeuka hutambua kwamba shida ni ya kijiji kizima.

Ili tulielewe jambo hili sawasawa, hatuna budi kurudi udongoni.

Katika gramu moja ya udongo wa shamba, kiasi kinachoweza kukaa kwenye ukucha, huishi bakteria mamia ya mamilioni, na pengine hata bilioni. Ni mji mkubwa kuliko miji yote tunayoijua, na chakula cha mji huo ni cha shida. Jani lililooza, mzizi uliokufa na samadi iliyofukiwa, vyote hugombaniwa. Katika msongamano huo streptomaisesi wana maisha yasiyo ya kawaida kwa bakteria. Hawatembei. Hukua kama nyuzi zinazotambaa baina ya chembe za udongo, mfano wa kuvu, wakiyeyusha majani makavu na kuyafyonza. Chakula kinapokwisha, ukoo huo huanza kujiandaa kwa safari: nyuzi za zamani hufa na kuvunjika, na virutubisho vyake hutumiwa kujenga nyuzi mpya zinazoinuka juu na kuzaa mbegu ndogo ndogo zinazoweza kustahimili ukame. Hata ile harufu tuliyoanza nayo ina kazi hapa, maana uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2020 ulionyesha kwamba huwavuta wadudu wadogo sana warukao udongoni, nao wakaja kula na kuzibeba mbegu hizo mbali.

Ni katika saa hiyo ya njaa na ya mabadiliko ambapo, mara nyingi, streptomaisesi hutengeneza antibiotiki. Sababu ni rahisi kuifahamu. Nyuzi zinazokufa ni karamu, na majirani ni wengi. Mwenye karamu asipoweka ulinzi, wageni wasioalikwa watakula na kumaliza kabla ya watoto wake. Kwa hiyo humwaga kando yake kemikali zinazowazuia wengine wasikue. Aidha, bakteria hawa hawafanyi hivyo kila mmoja kwa wakati wake. Katika aina iitwayo streptomaisesi griseusi, wanasayansi wa Urusi waligundua katika miaka ya 1960 molekuli ndogo ambayo ikikusanyika vya kutosha huwa ndiyo mbiu ya mgambo: ikilia, kuna jambo, na utengenezaji wa antibiotiki ukaanza pamoja na ule wa mbegu.

Vilevile bakteria hao husikiliza. Jirani akimwaga kemikali yake, baadhi yao hujibu kwa kuzidisha ya kwao, na wengine hupunguza au hunyamaza. Wapo hata wataalamu wanaoshikilia kwamba antibiotiki zikiwa chache sana, kama zinavyokuwa mara nyingi udongoni, hazifanyi kazi ya kuua bali huwa ni ishara tu, kwa vile huonekana zikibadilisha utendaji wa jeni za bakteria wengine bila ya kuwadhuru. Mjadala huo haujamalizika. Lakini hapana shaka kwamba kile tunachokiita dawa hakikutengenezwa kwa ajili yetu. Kilikuwa usemi wa viumbe wa udongoni mamilioni ya miaka kabla ya binadamu wa kwanza kukohoa.

Sisi tuliusikia usemi huo juzi tu. Mwaka wa 1943, katika chuo cha Rutgers nchini Marekani, mwanafunzi kijana aitwaye Albert Schatz, akifanya kazi katika maabara ya Profesa Selman Waksman, aliipata streptomaisini, dawa ya kwanza iliyoweza kuutibu ugonjwa wa kifua kikuu. Bakteria walioitoa walitoka mahali pawili. Kundi moja lilitoka katika udongo wa shamba lililotiwa samadi nyingi, na la pili katika koo la kuku. Msomaji wa Gusii ambaye nyuma ya nyumba yake pana boma la ng'ombe na kuku wanaochakura chini ya migomba, na atafakari jambo hilo. Waksman alitunukiwa tuzo ya Nobel mwaka wa 1952. Schatz hakutunukiwa, na ilimbidi aende mahakamani ndipo atambuliwe kuwa mgunduzi mwenza.

Baada ya hapo makampuni yalituma watu duniani kote kuchota udongo. Dawa ya kloramfenikoli ilitoka katika udongo wa Venezuela, erithromaisini katika udongo wa Ufilipino, vankomaisini katika udongo wa kisiwa cha Borneo, na rifampisini katika udongo wa msitu wa misonobari kusini mwa Ufaransa. Majina yenyewe yanatangaza asili. Kiishio hicho cha "maisini" kimetokana na neno la Kiyunani la kuvu, kwa sababu streptomaisesi, kwa nyuzi zao, walidhaniwa hapo mwanzo kuwa ni jamii ya kuvu. Na ile dawa ambayo wafugaji wetu wanaijua kwa jina la Terramycin, iliyotolewa mwaka wa 1950, jina lake limeanza na neno la Kilatini "terra", yaani ardhi. Wangapi wamempaka ndama dawa hiyo machoni bila ya kujua kwamba wanaita udongo kwa jina lake?

Afrika Mashariki ina nafasi yake tukufu katika historia hii, na ni aibu kwamba hatuwafundishi vijana wetu. Kuanzia mwaka wa 1970 wagonjwa wa kifua kikuu wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki katika majaribio yaliyoendeshwa kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Wakati huo mgonjwa alitakiwa kutibiwa kwa muda wa miezi 18. Majaribio yale, ambayo matokeo yake ya mwanzo yalichapishwa mwaka wa 1972, yalionyesha kwamba streptomaisini na isoniazidi zikiunganishwa na rifampisini, miezi 6 yaweza kutosha. Dunia nzima ilibadili matibabu yake kwa kufuata njia iliyofunguliwa na wagonjwa wa kwetu. Na katika dawa hizo tatu, mbili zilikuwa na asili yake udongoni.

Lakini kwa nini ziunganishwe? Hapo ndipo usugu unapoingia. Katika jaribio la streptomaisini ambalo matokeo yake yalichapishwa Uingereza mwaka wa 1948, wagonjwa waliopewa dawa hiyo peke yake walipata nafuu kwa miezi michache, kisha wengi wao wakaonekana kuwa na viini ambavyo dawa haikuvidhuru tena. Dawa ilikuwa na umri wa miaka michache tu. Usugu huo ulitoka wapi upesi namna hiyo?

Hebu tumrudie yule bakteria mwenye karamu. Anamwaga sumu inayoua bakteria, na yeye mwenyewe ni bakteria. Mbona hafi? Hafi kwa sababu kandokando ya jeni zinazotengeneza silaha, anazo jeni za kumkinga na silaha hiyo hiyo. Mwenye kutengeneza kufuli huwa na ufunguo. Streptomaisesi anayetengeneza streptomaisini ana kimeng'enya kinachoibandika dawa hiyo kipande cha fosfati na kuifanya butu. Wengine hubadilisha kidogo sehemu ya chembe yao ambayo dawa ingeishika. Wengine wana pampu kwenye utando wa chembe zinazoitapika dawa nje kila inapoingia.

Na majirani nao hawakukaa bure. Mamilioni ya miaka ya kuishi kando ya watengenezaji hawa yamewafanya wawe na funguo zao. Mwaka wa 2006 watafiti wa Canada walitangaza kwamba walikuwa wamechunguza aina 480 za bakteria wa udongo, na kila moja ilikuwa sugu kwa dawa kadhaa, wastani wa saba au nane. Mwaka wa 2008 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba wapo bakteria wa udongo wanaoweza kuzila antibiotiki kama chakula. Na mwaka wa 2011 jeni za usugu zilipatikana katika ardhi iliyoganda kwa miaka 30,000 huko Yukon, kaskazini ya Canada, mahali ambapo hapakuwa na daktari, wala duka la dawa, wala mama wa kununua vidonge vinne. Usugu, kwa hiyo, haukuzaliwa hospitalini. Ni wa kale kama dawa zenyewe.

Jambo la hatari ni kwamba bakteria hupeana jeni hizi. Bakteria mmoja aweza kumpa mwenzake, hata asiye wa ukoo wake, kipande cha jeni chenye ufunguo, mfano wa mwanafunzi anayempitishia mwenzake karatasi chini ya dawati. Funguo zilizokuwa udongoni zaweza kuvifikia viini vya tumboni, na vya tumboni vikavifikia vile vya kifuani au vya kidonda.

Sasa tuyatazame maneno yetu. Wanaistilahi walitupa neno "kiuavijasumu" kwa maana ya antibiotiki. Ni neno lililoundwa kwa ustadi wa sarufi, lakini lina kasoro ya maana. Limemwita kila bakteria "kijasumu", yaani kitu kidogo chenye sumu. Kumbe wengi mno kati ya bakteria hawana sumu yoyote kwetu. Ndio wanaoozesha majani yakawa mbolea, ndio wanaolisha mizizi ya maharagwe yetu, na zaidi ya yote, ndio waliotuundia hivyo viuavijasumu! Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba bakteria ni sumu ndogo hawezi kufahamu imekuwaje kijasumu akatengeneza kiuavijasumu. Wahenga walisema kwamba dawa ya moto ni moto. Neno letu limeificha hekima hiyo badala ya kuifunua.

La pili ni neno "usugu". Asili yake ni sugu, ile ngozi inayokakamaa kiganjani kwa kushika jembe kila siku. Ni neno zuri, na mkulima hahitaji kufafanuliwa. Lakini sugu ya kiganja humwota mtu mmoja, pole pole, kwa msuguano. Ngozi ile ile iliyokuwa laini ndiyo inayogeuka kuwa ngumu. Ndiyo sababu watu hudhani kwamba mwili, au kiini kimoja kimoja, huzoea dawa kwa kuimeza mara nyingi. Mambo hayaendi hivyo. Katika mamilioni ya viini vilivyomo ndani ya mgonjwa, huenda vichache vikawa tayari na ufunguo, ama kwa kuupokea kutoka kwa vingine, ama kwa kosa dogo lililotokea wakati jeni zilipokuwa zikinakiliwa. Dawa ikiingia huua vilivyo dhaifu na kuviacha vyenye ufunguo. Hivyo sasa havina mshindani, navyo huzaana na kuijaza nafasi yote.

Mfano wake si kiganja, ni shamba. Mkulima akipanda wimbi la mbegu mchanganyiko na jua likawa kali, miche mingi itakufa na michache itasalia. Akizitwaa mbegu za hiyo michache na kuzipanda tena mwaka baada ya mwaka, atapata shamba zima linalostahimili ukame. Hakuna mche hata mmoja uliofundishwa kuvumilia jua. Jua lilichagua. Ndivyo dawa nayo inavyochagua.

Mtu akishauelewa mfano huo, mengi hunyooka yenyewe. Ataelewa kwamba kila dozi ya antibiotiki, hata iliyo ya lazima, ni jua kali juu ya shamba, kwa hiyo isitumiwe pasipo haja. Ataelewa kwamba kumeza antibiotiki kwa sababu ya mafua, ambayo huletwa na virusi na si bakteria, ni kuliunguza shamba kwa faida ya magugu peke yake. Ataelewa kwa nini kifua kikuu hutibiwa kwa dawa kadhaa kwa pamoja, maana kiini chenye ufunguo wa mlango mmoja ni nadra kuwa na funguo za milango yote. Na ataelewa kwamba kiasi na muda wa dawa huamuliwa na mtabibu kwa kuujua ugonjwa, wala si kwa uzito wa mfuko wa mnunuzi.

Kadhalika ataliangalia boma lake kwa jicho jingine. Tetrasaiklini anayopewa ng'ombe au kuku hutoka kwa wingi katika kinyesi ikiwa bado ina nguvu. Kinyesi hicho huwa samadi, na samadi huenda kwenye migomba na mboga. Hivyo dawa iliyotoka udongoni hurudi udongoni, safari hii ikiwa nyingi kupita ile iliyokuwa ikimwagwa na streptomaisesi, na ikifuatana na viini vya tumboni vilivyokwisha kuchaguliwa. Katika nchi kama yetu ya Gusii, ambako vishamba ni vidogo, watu ni wengi, na kisima, boma na jiko vinatazamana, mzunguko huo ni mfupi mno. Kikulacho ki nguoni mwako.

Najua yako majibu yatakayotolewa. Wapo watakaosema kwamba kumhubiria mama wa vidonge vinne ni kumwonea, kwa kuwa hakununua vinne kwa kupenda. Nakubaliana nao. Mama yule alikuwa akifanya hesabu ya umaskini, na hesabu yake ilikuwa sahihi kwa fedha alizokuwa nazo. Zahanati ikikosa dawa, na maabara ya kupima kiini kipi ni kipi ikiwa mbali, lawama haiwezi kumwangukia yeye kwanza. Serikali ilitoa sera ya taifa na mpango wa kuukabili usugu mwaka wa 2017. Sera hiyo itapimwa kwa hali ya zahanati ya kijijini, si kwa ubora wa karatasi iliyochapiwa. Muuzaji anayetoa antibiotiki bila ya cheti cha daktari naye anaijua sheria vizuri kuliko mnunuzi wake.

Hata hivyo, umaskini haueleweshwi kwa kufichwa ukweli. Mama aliyeambiwa kwamba mwili wa mwanawe umezoea dawa ametwikwa kosa lisilo lake na kunyimwa maarifa yaliyo haki yake. Makadirio yaliyochapishwa mwaka wa 2022 yalionyesha kwamba mnamo mwaka wa 2019 watu wapatao milioni 1.27 duniani waliuawa moja kwa moja na maambukizi ya bakteria sugu, na mzigo mzito zaidi kwa kiwango cha watu ulikuwa katika Afrika kusini mwa Sahara. Wanaokufa ni wasemaji wa lugha zetu. Haifai wafe kwa kukosa neno.

Wapo pia watakaosema kwamba sayansi ina lugha yake, nayo ni Kiingereza. Kwamba madarasani mwetu sayansi hufundishwa kwa Kiingereza ni kweli. Lakini dawa hainunuliwi kwa Kiingereza. Hununuliwa kwa Ekegusii na kwa Kiswahili, na mwanafunzi aliyepata alama ya juu katika mtihani wa biolojia akashindwa kumweleza mamake kwa nini vidonge vinne si dawa, elimu yake imeishia langoni mwa shule. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka wa 1990. Nyenzo zipo. Kinachokosekana ni matumizi.

Kwa hiyo napendekeza kwa walimu wenzangu mambo matatu yasiyohitaji bajeti. Kwanza, mwalimu wa Kiswahili na yule wa biolojia wakae meza moja. Mwanafunzi na aandike insha ya Kiswahili akimweleza mzazi wake jinsi viini vinavyokuwa sugu, na mwalimu wa biolojia aisahihishe maana huku yule wa Kiswahili akiisahihisha lugha. Pili, tuache kabisa kusema "mwili umezoea dawa" na tuseme "viini vimekuwa sugu". Tena neno kiuavijasumu likitumiwa, lifuatane na maelezo kwamba si kila bakteria ni adui. Mimi binafsi naona "antibiotiki" lina heri, kwa kuwa halimtukani aliyeitengeneza. Tatu, somo la udongo lifundishwe nje, juu ya udongo. Hakuna haja ya kuotesha bakteria darasani, jambo ambalo ni la hatari bila ya maabara yenye ulinzi. Yatosha kuwapeleka vijana shambani baada ya mvua, wakainama, wakavuta pumzi, kisha wakaambiwa wanachokinusa.

Kwa vyuo vikuu, nina neno moja. Ripoti iliyotolewa mwaka wa 2006 iliandika kwamba bakteria anayetumiwa na kampuni ya Bayer ya Ujerumani kutengeneza akarabosi, dawa ya kisukari, alitoka Ruiru, hapa hapa Kenya. Udongo wetu ulikwenda ukawa mali ya wengine, na wengi wetu hatukujua kwamba ulikuwa umeondoka. Tangu wakati huo nchi yetu imeridhia Mkataba wa Nagoya, ulioanza kutumika mwaka wa 2014, unaotaka mwenye mali asili agawiwe faida. Lakini mkataba hauwezi kumgawia faida asiyejua alicho nacho. Mwaka wa 2015 watafiti walitangaza kupatikana kwa antibiotiki mpya, teiksobaktini, kutoka kwa bakteria wa udongo wa jimbo la Maine ambao maabara za kawaida hazikuweza kuwaotesha. Inakadiriwa kwamba bakteria wengi kabisa wa udongo, pengine 99 katika kila 100, hawajawahi kuoteshwa maabarani. Udongo mwekundu wa Manga, ule wa mashamba ya chai ya Kebirigo na ule wa kingo za mto Gucha, unastahili watafiti wake wenyewe. Au tutaendelea kuwa mfano wa ile methali, penye miti hapana wajenzi?

Mama yule wa foleni alinipita akaenda zake kabla sijapata la kumwambia. Nilikuwa na shahada ya uzamifu, na sikuwa na sentensi moja ya Kiswahili iliyo nyepesi na ya kweli. Sasa ninayo: si mwili wa mwanao uliozoea dawa, mama, ni viini vilivyochaguliwa, na vikishachaguliwa kwako vitabisha hodi kwangu. Mvua ijayo, walimu, tuwafundishe watoto wetu kuisema.